Shemeji Ana Mabawa Sita

2 Juni

Tumeondoka saa moja asubuhi. Saa moja na robo tumerudi. Kamba ya nyuma ilikuwa bado imefungwa gatini, na boti ilipofika mwisho wa kamba ikageuka yenyewe kutazama ilikotoka, kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Shemeji amesema hakuna la ajabu, ni sawa na kuondoa gari hendibreki ikiwa juu, wanafunzi wake walikuwa wakifanya hivyo kila siku. Yeye ni mdogo wa marehemu mume wangu. Amefundisha udereva miaka thelathini na moja, na ujuzi wake wa baharini ni kwamba haogopi.

Saa mbili tumeondoka kweli.

3 Juni

Binti yangu mkubwa ametaka niandike kila kitu, kwa hiyo naandika. Yeye ni karani wa mahakama na haamini jambo lisilo na maandishi.

Mambo yako hivi. Boti hii ya matanga baba yake aliipata ikiwa gofu. Akaitengeneza miaka tisa, kila Jumamosi, na alipobakiza mambo madogo madogo akafariki. Watoto wanataka iuzwe. Wanasema mjane wa miaka sitini na mbili, fundi cherehani, ana shughuli gani na boti? Mimi nikasema nitaipeleka hadi bandari ile ya mbali aliyotaka kufika yeye, kabla upepo haujageuka mwezi wa tisa. Binti akachukua karatasi nzito ya ofisini kwao, akaandika: "Chombo kikifika bila kuvutwa na chombo kingine, kitabaki kwa Mama na hakuna atakayemsumbua. Kikivutwa hata mara moja, kitauzwa." Tukatia sahihi sote. Nakala yangu amenifungia kwenye mfuko wa plastiki isilowe.

Simlaumu. Lakini nyumbani vitu vya baba yao vimeshapangwa, vimefungwa, vimegawanywa. Humu ndani kila ubao bado una maandishi yake ya penseli. Atakayenunua boti atapaka rangi.

5 Juni

Nimetapika huku nimeshika usukani kwa mkono mmoja. Shemeji amenisifu kwamba sikutoka kwenye mstari.

9 Juni

Mimi namwita yeye Shemeji, naye ananiita mimi Shemeji. Mmoja akipaza sauti, anayejibu ni huyo huyo mwingine, kwa hiyo hatujapata shida.

Leo nimemwonyesha majina. Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu, na vifaa vya boti alivipa majina ya watu, ameyaandika pale pale vilipo. Pampu inayotoa maji tumboni mwa boti ni Shangazi, kwa sababu ikianza kusema hainyamazi. Nanga ni Mgeni: kumkaribisha rahisi, kumwondoa ndiyo kazi. Injini ni Bibi Harusi, maana kila asubuhi lazima ibembelezwe ndipo itoke. Mengine yamo kwenye daftari lake la jalada la bluu, ambalo sijalifungua sana. Mwandiko wake unanitia kwikwi.

14 Juni

Choo kimeziba. Siandiki zaidi.

15 Juni

Choo bado.

16 Juni

Choo kimezibuka. Shemeji ameoga mara tatu, na bado amekula chakula chake kule mbele kabisa, kwa hiari yake.

21 Juni

Betri hazijai. Tumeingia bandari ndogo tukatafutiwa fundi, mtu mpole mwenye bisibisi sikioni. Alisema atakuja kesho asubuhi. Hiyo ilikuwa siku tatu zilizopita. Sasa tunamwita Kesho, na yeye mwenyewe anaitika.

24 Juni

"Fundi, leo vipi?"

"Leo nimekuja kuiangalia, mama. Injini lazima tuzoeane kwanza."

"Si jana mlizoeana?"

"Jana nilisalimia tu."

Shemeji akamwambia kwamba katika kazi yake mwanafunzi wa namna hiyo hapewi hata ufunguo. Kesho akasema ni kweli, yeye hajui kuendesha gari.

30 Juni

Betri zinajaa. Ulikuwa waya umelegea. Kazi ya dakika kumi, mazoea ya siku kumi na mbili. Wakati wa kuagana Kesho ameigonga injini kidogo kwa kiganja, kama mtu anayemuaga rafiki, akasema, "Huyu ana homa kwa ndani, mama. Mtazameni." Tumecheka hadi tukatoka bandarini.

7 Julai

Tanga kubwa limepasuka urefu wa mkono. Hatimaye kitu ninachokijua! Nimelishona siku nzima kwa mishono miwili miwili, Shemeji ameshika upande wa pili. Hajui kushika nguo. Analivuta kama usukani wa lori.

Mume wangu alikuwa akinishikia mapazia. Aliposhikilia nguo aliweka skrubu zake mdomoni ili zisipotee, na aliongea hivyo hivyo. Nilijua idadi kwa sauti. Skrubu moja, "mama watoto" ilisikika vizuri. Tatu, nilikuwa "mma wathotho". Kuanzia tano alinyamaza, akawa ananyoosha kidole.

8 Julai

Upepo mzuri. Tanga limeshika.

15 Julai

Leo kumekuwa na kesi humu ndani.

Mimi nilikuwa usukanini tangu asubuhi, Shemeji chini akisoma lile daftari la bluu, eti ajue boti. Akapanda juu saa sita akiwa amekunja uso. Chakula hakugusa. Nikamuuliza anaumwa? Akasema haumwi. Nikanyamaza. Mtu anayenuna ukimharakisha unampa sababu.

Mwisho akasema, "Shemeji, mimi kaka yangu nilimkosea nini?"

"Kwa nini?"

Akafungua daftari, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani. "'Shemeji ni mnafiki. Kwa nje anang'aa, ndani amechoka.' Haya, geuza. 'Leo Shemeji amelia tena. Nimempaka grisi, akanyamaza.' Geuza. 'Shemeji asikazwe sana, ana kichwa laini.'" Akavua miwani. "Kichwa laini! Mimi! Nimefundisha alama zote za barabarani bila kutazama kitabu."

"Na hiyo grisi alikupaka lini?"

"Hilo ni fumbo. Maana yake aliniita kwenu nikala nyama, nikasahau kilichokuwa kinaniudhi. Ni kweli ilitokea."

Nilitaka kucheka, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Nikaanza kumtetea marehemu, na hapo katikati ya sentensi nikasimama.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Wewe kwake ulikuwa shemeji tangu lini? Wewe ni shemeji yangu mimi! Kwake wewe ni mdogo wake. Mashemeji zake yeye ni ndugu zangu!"

Akanitazama. Akahesabu kwa vidole, kaka, mke wa kaka, ndugu wa mke wa kaka. Uso wote ukamfunguka.

"Kumbe ni kaka yako!" akasema. "Yule kinyozi! Kwa nje anang'aa! Wallahi ni yeye, kile kipara chake!"

Akashuka chini akala sahani mbili. Nilimsikia akicheka peke yake.

Nami nikabaki usukanini na uchungu wangu. Miaka thelathini na sita nimeishi na mtu huyu. Kaka yangu kinyozi amemnyoa bure miaka yote hiyo, hata alipokuwa amelazwa kwa mguu. Kumbe anakwenda kumwandika kwenye daftari kwamba ni mnafiki mwenye kichwa laini?

16 Julai

Nimelifungia daftari sandukuni. Sitaki kulisoma.

18 Julai

Bado nimemnunia marehemu. Asubuhi nimetengeneza chai nikamwambia kabisa, kwa sauti, kwamba kama alikuwa na neno na kaka yangu angeniambia mimi. Shemeji alidhani nazungumza naye, akajibu, "Na mimi nasema hivyo hivyo."

Ajabu ni kwamba tangu afariki sijawahi kumkasirikia. Nimemlilia tu. Siku hizi tatu nimejisikia kama mtu ambaye mumewe yuko chumba cha pili na hataki kutoka kuomba radhi.

22 Julai

Mvua. Shangazi amesema kutwa.

2 Agosti

Naandika mkono ukiwa bado na mafuta.

Saa nne upepo ulikufa, tukiwa karibu na miamba kuliko nilivyopenda. Tukambembeleza Bibi Harusi akawaka. Baada ya robo saa kengele ya joto ikalia na harufu ya mpira ulioungua ikapanda hadi juu. Shemeji akazima injini akitangaza, "Gari limechemsha! Abiria washuke!" Kisha akatazama maji pande zote, akasema basi wasishuke.

Mkondo ulikuwa unatusogeza kwenye miamba polepole, bila haraka. Nikamtupa Mgeni. Akakamata.

Ikapita boti ya mizigo. Nahodha wake, mtu mwenye kofia ya sufu juani, akasimama akatuonyesha kamba. "Mama, niwavute?"

Sijui kama kuna swali tamu kuliko hilo ukiwa mahali kama pale. Shemeji akanitazama. Najua alikuwa anafikiria ile karatasi, nami nilikuwa naifikiria.

"Ahsante baba," nikasema. "Tumepumzika tu."

"Hapa?"

"Ni pazuri."

Akatikisa kichwa akaenda zake. Shemeji akasema kwa upole, "Shemeji, huo uongo kaka angeupenda."

Hatukuwa na njia nyingine ila kufungua sanduku. Nilisoma mimi. Safari hii nilianzia ukurasa wa kwanza, ambao Shemeji aliuruka kwa sababu, kama alivyosema, dibaji hazina maana. Pameandikwa hivi: "Ukioa injini umeoa na nduguze. Pampu hii ya maji ya kupoza sikuichagua mimi, imekuja naye. Basi ni shemeji, nitamvumilia." Mbele zaidi: "Shemeji ana mabawa sita. Likikatika moja, badilisha upesi, la sivyo Bibi Harusi ataungua. Mpira mpya uko kwenye kopo la chai."

Shemeji akausoma mstari huo tena kwa kidole.

"Kaka yako," Shemeji akasema, "hana mabawa."

"Hana."

"Basi na mimi sina."

Tuliifungua pampu. Kwa nje shaba inang'aa kama mpya. Ndani kuna kigurudumu cha mpira ambacho kilitakiwa kuwa na mabawa sita, kimebaki na manne. Kopo la chai lilikuwa nyuma ya vikombe, na mpira mpya ndani yake umefungwa kwenye kitambaa cha suti niliyomshonea mkwe wetu. Tukauweka. Shida ikawa karatasi ya kuziba kati ya mfuniko na pampu, ile ya zamani ilichanika vipande. Ilitakiwa karatasi nzito, ngumu, isiyokunjamana. Tulitafuta boti nzima. Kulikuwa na moja tu.

Nimeikata mwenyewe kwa mkasi wangu, kwa kipimo cha mfuniko, matundu sita ya skrubu. Nimeipaka grisi. Sahihi ya binti yangu imeangukia upande wa ndani.

Bibi Harusi amewaka, amepoa, ametembea. Hakuna tone lililovuja.

Kabla sijaandika haya nimemwomba radhi mume wangu. Kaka yangu sitamwomba, maana hajui kitu.

11 Agosti

Shemeji amejifunza kufunga fundo. Amelifunga. Kulifungua bado.

19 Agosti

Upepo safi, maji yametulia. Shemeji ameniuliza huko tuendako mume wangu alitaka kufanya nini. Nimemwambia hakuwahi kusema. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye ramani tu, skrubu zikiwa mdomoni.

27 Agosti

Binti amepiga simu. Keshokutwa atakuwa gatini. Amechukua likizo ya siku mbili. Ameuliza maswali matatu, yote yameanza na neno "je".

29 Agosti

Tumefika. Naandika kwa mpangilio kwa sababu nitahojiwa.

Saa nane mchana tuliuona ukuta wa bandari. Nikaona na binti yangu amesimama gatini na mkoba wake wa kazini. Upepo ukafa. Tukawasha injini, na baada ya dakika kumi kengele ikalia.

Pampu, kama tulivyoona baadaye tulipofungua bomba, ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba siku ile tuliona mabawa mawili yamekatika, tukafurahi kuweka mapya, na hakuna kati yetu aliyejiuliza yale mawili yamekwenda wapi. Yalikuwa yamesafiri. Yamepanda bomba polepole wiki nne nzima, na leo mlangoni mwa bandari yamekutana kwenye kona ya bomba na kuziba njia. Hiyo ndiyo homa aliyoisema Kesho. Nimemkumbuka kwa heshima.

Mlinzi wa bandari akaja na boti yake nyekundu. "Mama, shika kamba!"

"Hapana!"

"Mnaelekea ukutani!"

"Tunaona!"

"Shika kamba!"

"Haishikwi!" akapiga kelele Shemeji. "Kuna mkataba!"

Hapo nikakumbuka namna mume wangu alivyokuwa akihamisha jokofu bovu karakanani. Halivuti, litaanguka. Analisogelea ubavuni, analikumbatia, anasukuma. Nikamwambia Shemeji ateremke kwenye kiboti chetu cha mpira cha kuendea nchi kavu, chenye mashine ndogo kama ya kusagia nyama. Tukakifunga ubavuni mwa boti, mbele na nyuma, kikabana kabisa. Akaiwasha. Boti ikatetemeka, ikafikiri, ikaanza kwenda.

Tumeingia bandarini upande upande kama kaa, Shemeji akinyoosha mkono kuonyesha anakata kona kulia, mlinzi akitusindikiza ameshika kiuno. Watu wa boti nyingine walitoka kutazama. Mmoja alipiga makofi.

Binti hakupiga. Alisubiri kamba zifungwe, akapanda, akanikumbatia kwa nguvu kuliko nilivyotegemea, kisha akafungua mkoba.

"Mama. Mlivutwa?"

"Tulisukumwa."

"Na chombo kingine?"

"Na mtoto wake mwenyewe."

"Baba mdogo?"

"Tulisukumwa," akasema Shemeji. "Kwa sheria za barabarani ni jambo tofauti kabisa. Gari linalosukumwa halihitaji hata alama nyuma."

"Nakala yako iko wapi, Mama?"

"Kwenye pampu."

Akafunga mkoba. Akasema anahitaji kufikiri, na kabla ya hapo anahitaji choo.

Kitasa kikakwama.

Alijaribu kwa ndani, tukajaribu kwa nje. Shemeji akasema mlango wowote una kanuni zake, akautikisa, mpini wa kitasa ukabaki mkononi mwake. Ikabidi tufungue bawaba. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu kiasi kwamba bisibisi iliteleza juu yake. Shemeji akaanza kuzipaka mafuta na kuzigonga moja moja. Mimi nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango.

"Mama," akasema kutoka ndani, "hii boti ina kila aina ya ubovu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na mnakwenda nayo baharini."

"Ndiyo."

Nikasikia bomba likifunguliwa, likafungwa. Kisha akasema, si kwa sauti ya mahakamani, "Siku ile ya Baba niliitwa nje katikati ya kesi. Nikashika simu, sikumbuki nilivyofika barabarani. Mama, mimi siwezi kupigiwa simu nyingine ya namna ile. Tangu Juni kila ikilia natetemeka."

Shemeji akaacha kugonga. Nikaweka kiganja kwenye mlango, ingawa yeye hakuweza kukiona.

"Baba yako hakufia baharini," nikamwambia. "Alianguka jikoni akitafuta sukari. Na mimi niliyeishi naye nilikuwa chumba cha pili nashona, sikusikia. Ningekaa nyumbani, ningekaa katika nyumba ile ile, jikoni lile lile. Huku angalau nikisikia kitu kimegonga, naamka natazama."

Nilimsikia akilia, na nilikuwa sijamsikia akilia tangu msiba. Siku zile yeye ndiye aliyekuwa akiandika majina ya wageni. Nikamwacha alie. Shemeji alitazama ukutani, bisibisi mkononi, kama mwanafunzi aliyeambiwa asubiri nje.

Kisha akapenga kamasi akauliza, "Baba mdogo, umefika skrubu ya ngapi?"

"Ya tatu, mwanangu. Zimebaki tano."

"Geuza kidogo kulia kwanza, ndipo urudishe kushoto. Baba alikuwa anafanya hivyo."

Akageuza kulia. Ikatoka. Ilichukua saa nzima, na mwishowe bawaba zenyewe zilikatikia mkononi, mlango ukamwangukia Shemeji kifuani. Binti akatoka, macho mekundu. Hakutushukuru. Akaokota vipande vya bawaba, akavigeuza geuza kwenye mwanga.

"Hizi ni za kabati," akasema. "Nani ameweka bawaba za kabati kwenye boti?"

"Baba yako."

"Hazifai kabisa. Duka la vifaa linafungwa saa ngapi?"

Mlinzi, aliyekuwa bado gatini, akajibu saa kumi na moja. Akatazama saa yake, akaacha mkoba juu ya meza, akapanda gatini karibu kukimbia.

Amerudi na bawaba nne za chuma kisichoshika kutu. Mlango unahitaji mbili. Nimemuuliza hizo nyingine za nini.

"Za akiba," amesema. "Huwa tunaziweka wapi?"